Damu ya Namba Kumi na Saba

Tangini, Kibaha
15 Januari 2024

Mtani wangu Hamisa,

Shikamoo. Najua utani wetu haudai shikamoo, lakini wewe ni mkubwa kwangu na mama yangu kule Tabora angenichapa akisikia nimeipita. Nimekupigia simu siku tatu, kila mara naambiwa hupatikani, kwa hiyo nimeona niandike na kuitia barua ndani ya boksi hili la vifaa.

Ile mashine ndogo ya kupima sukari niliyoileta hapo zahanati mwezi uliopita ndiyo kazi yangu sasa. Nimepewa niijaribu kama inasema kweli. Ikisema kweli, kila zahanati ya Kisarawe itapewa ya kwake, na mtu wa Msimbu hatafunga safari ya mjini kwa ajili ya tone moja la damu. Ikisema uongo, inarudi ilikotoka.

Tunahitaji watu arobaini ambao hawajala. Toa tone la kidole, liweke kwenye mashine ndogo, andika namba. Dakika hiyo hiyo vuta damu ya mshipa, itie kwenye tyubu, niletee niipime kwenye mashine kubwa ya maabara yetu. Wagonjwa wape namba tu, majina yabaki kwenye daftari lako.

Usisahau jambo moja. Damu ikishatoka mwilini bado inaishi, na inaendelea kula sukari iliyomo. Tyubu za kifuniko cha kijivu zina dawa ya kuizuia. Ukitumia kifuniko kingine, kwa umbali huu na joto hili, sukari itakuwa imeliwa njiani, na majibu yatamdanganya mgonjwa. Nimekuwekea za kijivu kumi na mbili za kuanzia.

Nawajua Wazaramo, mkisikia ngoma mahali mtaacha damu mezani. Kwa heshima yangu, msiende ngomani mpaka boksi liondoke.

Mtani wako,
Melkiori


Zahanati, Msimbu
19 Januari 2024

Mpagazi wangu Melkiori,

Marahaba. Babu zako walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani, na wewe umeendelea na kazi ya ukoo, sema mzigo wako ni damu yetu. Nimeipokea barua. Na mimi nitakujibu kwa kalamu, maana macho yangu siku hizi hayataki herufi za simu.

Kumi na wawili wa kwanza hao ndani ya boksi. Yahya wa bodaboda anaondoka nalo leo saa moja asubuhi, atalikabidhi Kisarawe mjini kwenye gari la kuja kwenu. Amesema kwa kawaida mizigo inafika Kibaha saa nane mchana.

Watu walijaa juzi. Unajua mimi kila Jumatano nasimama hapa barazani kuwafundisha habari za sukari, mwaka wa kumi na nane huu, basi nikiwaita wanakuja. Mama Bilali alikuja na chupa ya soda imefichwa kwenye mkoba. Nikaichomoa mbele ya wenzake, nikaiinua juu, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Sukari yake ilikuwa kumi na tano. Nikamwambia, mama, wewe huna damu, una sharubati. Alicheka na yeye, lakini naona tangu siku ile hajapita hapa.

Niletee tyubu nyingine ishirini na nane. Watu wapo, wanangoja.

Hamisa


Tangini, Kibaha
24 Januari 2024

Mtani,

Kazi nzuri. Kumi na wawili wako nimewapima, na mashine ndogo na mashine kubwa zimekubaliana karibu kwa kila mtu. Nilifurahi sana.

Sasa tatizo. Tyubu za kijivu zimekwisha stoo, na wanasema zitakuja mwisho wa mwezi wa pili. Mimi natakiwa kusoma ripoti mbele ya wakubwa tarehe kumi na mbili. Mratibu wetu, Mama Laurensia, ameshatuma mialiko na jina langu limeandikwa humo. Nakuletea za kifuniko chekundu. Usiwe na wasiwasi, yale niliyokuandikia mwanzo ni ya vitabuni. Zikifika tu nitaziweka kwenye mashine ya kuzungusha damu, inayotenga chembe hai na maji yake, na damu ikishazungushwa sukari haiguswi tena.

Fanya haraka, tafadhali.

Melkiori


Msimbu
2 Februari 2024

Mpagazi wangu,

Ishirini na nane wako hao, kwenye vifuniko vyekundu kama ulivyoagiza. Juzi ulinitisha na kijivu, leo nyekundu ni halali. Ninyi wasomi mna dini yenu.

Nina ombi. Namba kumi na saba ni mama mmoja wa hapa, Sikudhani Pazi, makamo yangu. Kidole chake kilitoa tisa nukta nne, na hajala tangu jana yake. Amepigwa na butwaa. Ana kidonda kwenye kidole cha mguu wa kulia, jembe lilimpitia wiki tatu zilizopita, na hakitaki kufunga. Tangu atoe damu anauliza Kibaha watajibu lini. Mpime huyo kwanza, uniandikie. Kama ni kisukari aanze dawa mapema, asije akapoteza mguu kwa jambo la kuzuilika.

Hamisa


Tangini, Kibaha
9 Februari 2024

Mtani,

Mwambie mama yako alale usingizi. Namba kumi na saba kwenye mashine kubwa ni sita nukta saba. Iko juu kidogo, lakini haijafika saba, kwa hiyo si kisukari. Apunguze sukari kwenye chai, asafishe kidonda, basi.

Na si yeye peke yake. Katika hao ishirini na nane, mashine ndogo imesoma juu kuliko kubwa kwa namba mbili na zaidi karibu kwa wote. Wako tisa ambao iliwatia kwenye kisukari, mashine kubwa imewatoa. Nimeandika kwamba haifai, inatia watu hofu bure. Irudishe ndani ya boksi hili pamoja na vichomeo vyake. Karatasi za majibu za watu wote nimeziambatanisha, wagawie.

Ripoti iko tayari kabla ya siku yake. Mama Laurensia amenipongeza mbele ya maabara nzima.

Melkiori


Msimbu
16 Februari 2024

Mpagazi wangu,

Mashine hiyo, imerudi kwako. Karatasi nimezigawa. Namba kumi na saba nilipomsomea yake alicheka peke yake kama mwendawazimu, kisha akaenda kupika maandazi. Amesema atafunga Ramadhani yote mwaka huu, hana udhuru.

Kuna kitu kimoja kinanichekesha. Wale kumi na wawili wa mwanzo mashine zilikubaliana, hawa ishirini na nane zikagombana. Mashine ni zile zile, mikono ni hii hii yangu. Au mashine yenu kubwa iliona njaa? Au sukari ya Wazaramo ni tamu kuliko zote, ikaliwa njiani kama ulivyosema mwanzo?

Nakutania tu. Hongera kwa ripoti.

Hamisa


Tangini, Kibaha
18 Februari 2024
(Barua hii haikutumwa.)

Dada Hamisa,

Leo siwezi kukuita mtani.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi. Asubuhi nilijitoa damu yangu mwenyewe. Tyubu moja ya kijivu nilikuwa nimebaki nayo kwenye droo, nyingine nyekundu. Nikaziacha dirishani kuanzia saa moja mpaka saa nane, kama boksi lako. Ya kijivu imetoa tano nukta sita. Nyekundu imetoa tatu nukta moja. Nikarudia kupima, nikapata vile vile.

Kwa hiyo mashine ndogo haikuzidisha kitu. Ilisema kweli kwa watu wote arobaini. Aliyesema uongo ni mimi, kwa sababu nilijua. Nilikuwa nimekuandikia mwenyewe kwa mkono wangu. Nilipokuambia nitazizungusha zikifika, nilijua zitafika zimeshakaa saa saba kwenye joto. Fomu ina sehemu ya kuandika damu ilizungushwa muda gani baada ya kutolewa. Kwa wote ishirini na nane niliandika "ndani ya nusu saa". Niliandika hivyo mara ishirini na nane.

Naona aibu. Siku niliposoma ripoti watu walipiga makofi. Mama Laurensia amependekeza nisimamie vipimo vya zahanati zote. Nikisema sasa, nitasimamishwa kazi. Nikinyamaza, kuna watu tisa Msimbu wameshika karatasi yenye sahihi yangu inayowaambia ni wazima, na mmoja wao ana kidonda mguuni.

Kesho nitakutumia barua hii. Kesho asubuhi kabisa.

Melkiori


Tangini, Kibaha
20 Februari 2024

Mtani,

Wazaramo mna maneno. Sukari yenu tamu mnaijua wenyewe, mimi sijaionja. Tofauti kama hizo hutokea kwenye vipimo, zina sababu nyingi, usijichoshe kichwa. Salimia watu wote wa zahanati.

Melkiori


Msimbu
25 Machi 2024

Ndugu Melkiori,

Leo siandiki utani, na naomba usinijibu kwa utani.

Kidonda cha namba kumi na saba kimekuwa kikubwa. Kilikuwa sawa na ukucha, sasa kimekula kidole na kimeanza cha pili, na kinanuka. Amekifunga asali, amekifunga dawa zote zilizopo kabatini hapa. Anakunywa maji ndoo nzima baada ya kufuturu. Mchana anafunga, kwa sababu karatasi yako ilisema ni mzima na mzima hana ruhusa ya kula. Juzi alianguka jikoni.

Mashine ndogo uliichukua, sina cha kumpimia. Nimemwambia aende mjini, anasema Kibaha walishampima na mashine kubwa, aende kutafuta nini tena. Nakuuliza mara moja na sitauliza tena. Ile sita nukta saba, una uhakika nayo?

Hamisa Kitwana


Tangini, Kibaha
2 Aprili 2024

Dada Hamisa,

Sina uhakika nayo. Ni ya uongo.

Barua yako imekaa mezani kwangu siku tano, juu ya boksi lililoileta, kabla sijaifungua. Niliona mwandiko wako kwenye bahasha nikajua. Siku ya kwanza nilijiambia nina kazi nyingi, siku ya pili hivyo hivyo, na leo nimeifungua kwa sababu wenzangu walitaka kulichukua boksi.

Ndani ya boksi hili nimekuwekea barua ya tarehe kumi na nane Februari. Isome hiyo kwanza, kila kitu kimo, sina uwezo wa kukiandika tena. Niliiandika nikaikunja nikaitia kwenye begi, na badala yake nikakutumia ule upuuzi wa tarehe ishirini. Siku zote hizi nimekuwa nikienda nayo kazini na kurudi nayo. Ulinionyesha kosa langu kwa utani, nami nikajificha ndani ya utani huo huo, kwa kuwa mtani hawezi kukasirika na hakuna anayemshika mtani kwa neno lake.

Nakurudishia mashine ndogo. Iamini. Mpime namba kumi na saba saa hii hii na umpeleke hospitali leo, hata kwa kubebwa. Mwambie avunje saumu. Nimekuandikia pia namba za wale wanane wengine, na sukari zao za kweli ni zile za kidole ulizoandika mwenyewe.

Mama Laurensia bado sijamwambia. Nimefika mlangoni kwake mara mbili, nikamuuliza habari za watoto wake nikarudi. Nakuambia haya ili usidhani nimeshakuwa mtu mzuri.

Mwambie huyo mama kwamba mtu wa Kibaha anaomba radhi. Au usimwambie, sijui ipi ni heshima.

Melkiori


Wodi ya wanawake, Kisarawe
14 Aprili 2024

Melkiori,

Huyo mama ameshaambiwa. Ni mimi.

Sikudhani Pazi alikuwa shangazi yangu, amefariki mwaka wa sita sasa. Siku ile nilipomaliza watu wote zahanati nilibaki peke yangu na tyubu moja, ya namba kumi na saba, ambaye hakutokea. Nilijichoma kidole kwa mchezo tu, nikaona tisa nukta nne. Nilitazama mlango kama mwizi. Nikajifunga mpira mkononi, nikajitoa damu, nikaandika jina la marehemu kwenye daftari langu mwenyewe. Boksi lilichelewa kuondoka siku ile kwa sababu yangu.

Unataka kujua kwa nini. Miaka kumi na minane nasimama barazani nikiwaambia wanawake wa Msimbu wale hivi, wasile vile. Nimemwinulia Mama Bilali soda yake juu, watu wakamcheka. Sasa niwaambie nini? Kwamba mimi huweka vijiko vinne kwenye chai, na mlango naufunga? Niliona ni bora niwe na kidonda kuliko nichekwe.

Na kuna lililo baya zaidi, nataka ulijue. Mimi nilikumbuka habari ya vifuniko. Barua yako ya kwanza nilikuwa nimeibandika ukutani, naiona kila siku. Ulipoandika sita nukta saba nilijua damu ile ilikaa saa saba kwenye boksi. Mimi ni muuguzi, si mtoto. Nilikuwa na namba mbili mkononi, moja ya kunipa dawa na moja ya kunipa maandazi, nikachagua. Kisha nikakuuliza kwa utani ili nawe unijibu kwa utani, nisilazimike kusikia. Kwa hiyo usijibebeshe mguu wangu wote. Beba sehemu yako.

Lakini kuna wanane wengine. Wao hawakuwa na barua ukutani. Walikuwa na karatasi yenye sahihi yako, na sauti yangu mimi niliyewasomea na kuwaambia wako salama. Hao ndio wananitoa machozi humu wodini.

Nilipokelewa tarehe nne, sukari ishirini na moja. Idi imenikuta kitandani. Jana asubuhi wamekata vidole viwili. Daktari ni kijana mpole, akaniuliza kidonda kina muda gani, nikamwambia. Akasema mwezi wa pili kingepona kwa vidonge na kuosha tu. Alisema hivyo akiandika, wala hakuniangalia, na mimi nikageukia ukutani.

Kukusamehe nitakusamehe, lakini si leo, na usinihimize. Kwa Mama Laurensia nenda, usimuulize habari za watoto. Sema ile ya kijivu na nyekundu, sema ishirini na nane, na useme mashine ndogo ni nzuri, maana mpaka leo zahanati za Kisarawe zimekaa bila kipimo kwa ajili ya ripoti yako.

Binti yangu Naila alikwenda na mashine nyumba kwa nyumba kuwatafuta wale wanane awapime. Sita wameshaanza dawa. Mzee Seif wa namba thelathini na moja amekataa, anasema ana karatasi ya Kibaha na karatasi ya serikali haibadiliki. Mwingine, Bi Raudha, amehamia kwa mwanawe na bado tunamtafuta.

Natoka Ijumaa. Jumamosi asubuhi nimewaita wote barazani, hao tuliowapata kati ya wanane na wale wa Jumatano, na Mama Bilali nimemtumia ujumbe wa peke yake. Nitakaa kwenye kiti, kwa kuwa kusimama siwezi, nijichome kidole mbele yao na niwasomee namba yangu kwa sauti. Watakaotaka kucheka wacheke.

Baada yangu utasema wewe. Nimewaambia kwamba atakuja mtu kutoka Kibaha kueleza kilichotokea kwenye damu yao. Wameniuliza ni nani, sikuwaambia. Jina utalitaja mwenyewe.

Hamisa